Bomba Chini ya Kiti cha Dereva

Walileta tairi kwenye chumba cha mikutano, ghorofa ya tisa, Westlands, wakaliweka juu ya meza ya kioo na kulitandikia kitambaa cheupe. Mimi nimelelewa katikati ya matairi. Nimeyakalia nikinywa uji, nimeyaegemea nikifanya hesabu za shule, nimelala juu yake mvua ikinyesha. Siku hiyo ndiyo niliona kwa mara ya kwanza tairi likiandaliwa kama keki ya harusi. Nilibetua mdomo. Mkurugenzi akadhani natabasamu, naye akatabasamu.

Wakati huo nilikuwa msimamizi wa magari katika kampuni inayobeba wafanyakazi wa maofisi. Tulikuwa na vani kumi na moja na madereva kumi na mmoja. Alfajiri vani zilianzia Riruta na vitongoji vya jirani, ambako madereva walilala, zikaokota watu njiani na kuwashusha Westlands. Zamu zikiisha, mchana au jioni, zikawarudisha. Mimi nilipanga zamu, nilipokea malalamiko, na nilikuwa na kiti kinachozunguka. Nilikipenda sana kile kiti.

Muuzaji alivaa suti iliyombana hadi nikamhurumia akikaa. Alizungumza nusu saa nzima bila kuligusa tairi lenyewe. Alieleza kwamba ndani yake kumegandishwa kidude cheusi, ukubwa wa kifuniko cha soda, na kwamba kidude hicho hupima upepo na joto na kutuma habari hadi kwenye skrini ofisini. Upepo ukipungua, skrini inageuka nyekundu. Tairi lenye upepo wa kutosha, alisema, halipasuki ovyo, linashika breki vizuri, halilifanyi gari linywe mafuta mengi, na linadumu. Na likidumu, mpira mchache zaidi utachomwa majalalani na kuwapalia watoto kwa moshi mweusi. Alipofika kwa watoto aliweka mkono kifuani.

Nilisonya kimoyomoyo. Kwetu Riruta tairi halifiki jalalani kirahisi hivyo. Likitoka barabarani linakuwa kandambili, linakuwa kiti, linakuwa chungu cha maua, linakatwa kamba za kufungia mzigo kwenye mkokoteni. Lakini mengine yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilitaka awe mwongo nimdharau kwa raha zangu. Aliyoyasema niliyajua kabla sijang'oka meno ya utoto, ila mimi nilifundishwa na mtu mwenye grisi kwenye kucha, naye alifundishwa na picha za ukutani.

Mkurugenzi ndiye hasa aliyenichosha. Anaishi Lavington nyuma ya ukuta mrefu, gari lake hutiwa upepo na mlinzi wa lango, na nina hakika hajui tairi lake la akiba limefichwa wapi. Aliligusa lile tairi la mezani kwa kidole kimoja, akakitazama kile kidole, kisha akasema tumeingia katika enzi mpya. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Baba yangu ana kibanda cha pancha kando ya Naivasha Road, Riruta, na amekuwa nacho tangu kabla sijazaliwa. Mimi ndiye binti yake wa kwanza, kwa hivyo nilipewa jina la mama yake kama desturi yetu inavyotaka, na kwa sababu hiyo hajawahi kuniita kitu kingine ila mama. Mama, leta sabuni. Mama, shika hapa. Nilipokuwa mdogo niliona ni jambo la kawaida mzee mwenye ndevu kuniita mama na kuniamkia kwa heshima. Nilipokua nikaanza kuona haya wenzangu wakisikia.

Gari likisimama mbele yake hakuuliza kitu. Alilizunguka na spana ya magurudumu mkononi, akagonga kila tairi mara moja na kusikiliza. Kisha akaweka kiganja juu ya mpira, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. "Hii ya nyuma inapoteza," angesema, na kweli ungekuta linavuja polepole. Alinifundisha kwamba matairi manne ya gari moja hayakubaliani hata siku moja. La upande wa jua lina joto, la kivulini limepoa. Ya nyuma yanabeba watu. La mbele kushoto limepiga mashimo yote ya pembeni. Alisema nikiona yote manne yananiambia kitu kimoja, nijue kuna mtu ananidanganya. Nililikariri hilo kama mtoto anavyokariri sala, na nikalisahau vilevile.

Msidhani namsifu. Baba huyohuyo huchonga matairi yaliyokwisha, yale yaliyolainika kama kichwa cha kipara, kwa kisu cha moto, ili yapate mistari mipya yamfae mtu mwenye haraka. Niliwahi kumwambia kwamba huo ni uuaji. Akanijibu kwamba uuaji huo ndio ulionipeleka shule. Tangu siku hiyo nikawa namdharau na kula chakula chake, yote mawili, kila Jumapili.

Basi vani zetu zikavishwa matairi yenye akili, na nitasema ukweli ingawa unaniuma: vile vidude vilifanya kazi. Wiki ya kwanza tu skrini iliona tairi la nyuma la vani moja likipungua upepo kidogo kidogo. Tukalivua, tukakuta msumari mwembamba ambao hata kiganja cha baba kingeupita. Abiria kumi na wanne walikuwa wapande dakika kumi baadaye. Nilikaa kwenye kiti changu nikazunguka nusu duara, nikafikiri kwamba labda yule mtu wa suti ya kubana hakuwa mjinga kabisa.

Tungeishia hapo tungekuwa watu wa maana. Lakini siku moja mkurugenzi alipita nyuma ya kiti changu, akaona vani mbili zikiwaka nyekundu, akasema, "Hao watu washughulikie." Hakusema zaidi ya hayo. Akaenda kunywa kahawa yake.

Barua ilikuwa wazo langu. Kila aliyewahi kuajiriwa katika nchi hii anaijua barua ya kujieleza. Inaanza kwa salamu baridi, inakutaka ueleze kwa maandishi, kabla ya saa kumi na moja ya siku fulani, kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu. Hata aliyeibiwa hupewa, aeleze kwa nini aliibiwa. Niliiandika mara moja, nikaacha nafasi ya jina na nafasi ya namba ya vani, nikaichapisha nakala nyingi. Kila nyekundu, barua moja. Barua tatu, unaenda nyumbani. Nilijiona mtu wa utaratibu.

Siku hizohizo nilibandika pia tangazo ukutani kwamba hakuna haja tena ya dereva kulizunguka gari asubuhi akigonga matairi, kwa sababu skrini inaona yote, na kwamba vani zitaondoka dakika kumi mapema zaidi. Mimi, niliyelelewa kwa mlio wa spana ile, ndiye niliyelitia sahihi. Sikuona ajabu yoyote.

Dereva mkubwa kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa Pwani, mtu wa kofia na sauti ya chini, aliyekuja Nairobi ujanani na kukataa katakata kuongea kama sisi. Wenzake waliniita madam. Yeye aliniita bi mkubwa, na kila asubuhi alinisabahi kwa subalkheri iliyonyooka, nami nikimjibu "poa" ili ajue yuko wapi. Alikuwa amebakisha miezi kumi na minne astaafu. Alikuwa akisema akistaafu atarudi kwao akalale mpaka saa tatu. Kila mtu alijua hesabu ya miezi yake, maana kila mwezi ukiisha alitutangazia.

Barua ya kwanza aliipata kwa sababu ya shimo la barabarani. Ya pili aliipata mwezi wa saba. Wanaoujua mwezi wa saba wa upande ule wa Riruta wanajua baridi yake, ile inayoingia kwenye mifupa na kukaa hadi saa nne. Upepo ndani ya tairi hunywea kwa baridi. Tairi linaamka limepungua kidogo, gari likitembea linapata joto na kurudi kama kawaida, hakuna ubaya. Lakini kidude kiliona upungufu, kikasema, na skrini ikawa nyekundu kwa vani sita asubuhi moja. Nikachapisha barua sita.

Mzee alikuja mezani kwangu ameishika yake kwa vidole viwili.

"Bi mkubwa, hii ni baridi tu. Upepo hunywea kwa baridi. Jua likitoka utaona mwenyewe."

"Eleza kwa maandishi," nilimwambia.

"Nimebakisha miezi kumi na minne."

"Basi chunga hiyo ya tatu."

Nilijua anasema kweli. Nilijua kabla hajafungua mdomo, tangu nikiwa na miaka saba. Lakini nilikuwa nimekwisha kuchapisha, na mtu wa utaratibu harudishi karatasi kwenye mashine. Alipoondoka niliwaambia wenzangu kwamba hawa wazee wana visingizio kama watoto wa shule, na wote wakacheka.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Riruta kula kwa baba. Alikuwa amepika mukimo mwenyewe, maana tangu mama afe hataki mtu aingie jikoni. Nikaanza kumchekesha. Mimi nikishiba huwa mchekeshaji. Nikamwigizia yule muuzaji na mkono wake kifuani, nikamwigizia mkurugenzi na kidole chake. Baba akacheka hadi akapaliwa.

"Na hiyo kitu inajuaje ni tairi?" akaniuliza.

"Haijui, baba. Ni kidude tu. Kinasikia upepo, basi. Ile ya kuhesabu mizunguko ya gurudumu ilikuwa bei ya juu, mkurugenzi akaikataa. Hata ukikifungia ndani ya bomba la maji ujaze upepo, kitakwambia bomba liko salama barabarani!"

"Bomba?"

"Bomba lolote."

"Na imegandishwa sana?"

"Gundi tu. Ukivua tairi unakibandua kwa kisu."

"Ukubwa wake, mama?"

Nikamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada. Nilidhani anafurahia mzaha. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikijua nimemchekesha mzee.

Wiki mbili baadaye skrini yangu ikawa kijani. Vani moja, kisha tatu, kisha zote kumi na moja. Hata baridi haikuigeuza. Nikaamini barua zangu zimewanyoosha madereva. Mkurugenzi aliniita mbele ya wafanyakazi, akasema mimi ni mfano, nami nikavishwa kilemba cha ukoka nikakipokea kwa mikono miwili. Yule muuzaji akaja na wageni wake, wakasimama nyuma ya kiti changu wakipiga picha ile kijani. Mmoja aliniuliza siri ni nini. Nikamjibu kwamba siri ni nidhamu. Mungu anisamehe, nilisema hivyo na uso mkavu.

Na namba za upepo zilikuwa palepale mbele ya macho yangu. Vani ya mzee ilionyesha arobaini na tano, arobaini na tano, arobaini na tano, arobaini na tano. Jua likiwaka zilipanda zote nne kwa pamoja. Mvua ikinyesha zilishuka zote nne kwa pamoja. Matairi manne yalikubaliana kutwa kucha, wiki baada ya wiki, nami binti wa fundi wa pancha niliyatazama nikasema hii ndiyo nidhamu.

Ilikuwa saa nane mchana, siku ya jua kali. Mzee alikuwa anarudisha wafanyakazi wa zamu ya asubuhi. Simu yangu ililia, nikasikia kelele za watu na magari, kisha sauti ya mwanamke, abiria: "Madam, tairi imepasuka! Tumeingia kwa mtaro! Kujeni!" Niliinua macho kwenye skrini. Vani ya mzee ilikuwa kijani, arobaini na tano mara nne. Na mimi, kabla sijaomba Mungu, kabla sijauliza nani ameumia, nilimwambia yule mwanamke, "Haiwezekani."

Nilifika kwa bodaboda. Vani ilikuwa imelala upande kando ya Waiyaki Way, pua ndani ya mtaro, na tairi la nyuma limechanika vipande. Abiria walikuwa wameketi kwenye nyasi. Mmoja alikuwa amevunjika jino, mwingine analia kwa hofu tu. Mzee aliketi peke yake, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, na ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Niliinama kwenye kipande cha tairi, nikaweka kiganja. Mpira ulikuwa bado unachoma, na ubavu wake wa ndani ulikuwa umesagika unga mweusi. Hiyo ni dalili ya tairi lililokimbia bila upepo kwa muda mrefu. Lilikuwa linavuja tangu asubuhi. Kidude kingekuwa mahali pake kingelisema mapema. Spana ingegongwa asubuhi, ingelisema mapema zaidi.

Mlango wa dereva ulikuwa umefunguka, na chini yake, kwenye majani, kulikuwa na kipande cha bomba la plastiki la maji, urefu wa mkono, limezibwa huku na huku, na upande mmoja limechomekwa vali ya tairi. Nililiokota. Ndani kulicheza vitu vinne vidogo. Ncha zake zilikuwa zimefungwa kwa utepe wa tyubu iliyokatwa, ukazungushwa mara tano na kumaliziwa kwa msalaba. Mkono mmoja tu duniani hufunga hivyo. Ndivyo baiskeli yangu ya kwanza ilivyofungwa, na ndivyo mpini wa ndoo yetu ya maji ulivyofungwa.

"Lichukue, bi mkubwa," mzee aliniambia kwa sauti ileile ya chini. "Watu wasilione. Zote kumi na moja zina kama hilo chini ya kiti."

"Kwa nini?" nilimuuliza, swali la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kuuliza.

"Barua," alisema.

Nililitia bomba kwenye mkoba wangu, nikavuta zipu.

Niliporudi ofisini, mkurugenzi alikuwa na picha ya skrini tayari. Alisema kidude hakidanganyi, tairi lilikuwa zima hadi dakika ya mwisho, kwa hivyo dereva alikuwa anaendesha kasi na kupanda ukingo. Ile kijani yangu ndiyo ikawa shahidi dhidi ya mzee. Akaniagiza niandike ya tatu. Mkoba wangu ulikuwa miguuni pangu, bomba ndani yake. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba mzee hana kosa, kwamba sisi ndio tuliowafundisha kudanganya kwa kuwaadhibu kila tairi liliposema kweli. Nilikiona kile kiti changu kinachozunguka kama vile kimesimama mbele yangu. Nikasema, "Sawa, bosi." Nimewadharau watu wengi maishani, lakini yule mwanamke aliyesema "sawa, bosi" sijapata wa kumlinganisha naye.

Niliichapisha barua. Jibu lake lilikuja kesho yake, limeandikwa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa kwenye plasta, herufi zimelalia huku na huku. Lilikuwa na maneno mawili tu: "Nilikwenda mbio."

Hakuwa amekwenda mbio. Kwa miaka yote ile hakuwahi kwenda mbio, abiria walimlalamikia kwamba anawachelewesha. Angesema ukweli, madereva kumi wengine wangefuata nyuma yake siku hiyohiyo. Nilikaa na ile karatasi mpaka saa kumi na moja ikafika. Kisha nikaigonga muhuri wa kupokelewa, nikaipeleka kwa mkurugenzi. Alisema, "Si amekiri mwenyewe? Basi." Mzee aliondoka akiwa amebakisha miezi tisa. Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake alinisabahi kama kawaida. Sikuweza kumjibu hata "poa."

Nilichofanya baadaye ni kidogo, na nakisema si ili nisifiwe. Jumamosi niliwakusanya madereva kwenye maegesho, nikawaambia walete mabomba, vidude virudi ndani ya matairi, na kwamba nyekundu sasa ni kazi ya spana na kompresa, si ya karatasi. Walinitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata jana. Nikachana zile barua mbele yao. Tangazo langu nikalibandua ukutani. Mkurugenzi hakuuliza kitu. Ukiacha ile ya tatu ya mzee, hakuwahi kuzitaka zile barua, alikuwa amesema tu "washughulikie," na mengine yote niliyatunga mimi. Tangu hapo skrini inawaka nyekundu mara mbili tatu kwa wiki, tunatia upepo, tunang'oa misumari, watu wanafika. Vidude vina akili kweli. Havikuwa na shida tangu mwanzo.

Jumapili nilitia mabomba kumi na moja kwenye gunia nikaenda Riruta. Nilikwenda kugomba. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno: kwamba amezoea kuchonga vipara na sasa amehamia kuua watu wazima wazima, kwamba uzee haujamfunza kitu. Nilimkuta ameketi kibandani juu ya rimu, anakwangua tyubu. Nikalimwaga gunia miguuni pake.

"Baba, umekaribia kuua watu kumi na watano."

Aliyatazama mabomba. Aliokota moja, akafungua vali, upepo ukatoka ukilia hadi ukaisha.

"Yule mzee wa Pwani hajambo?" aliuliza. "Siku hizi hapiti hapa."

"Amevunjika mkono. Na amefutwa."

"Nani alimfuta?"

Nikalikunja gunia tupu. Baba akaweka bomba chini taratibu.

"Nani alikufundisha mambo ya mabomba?" nilimuuliza, ili nipate mahali pa kukanyaga, na papo hapo nikajua jibu, kwa sababu alinitazama tu, hata hakunyoosha kidole.

"Hao madereva walikuja hapa wiki ile kabla hujakuja kunichekesha," alisema. "Huyo mzee ndiye aliongea. Akasema kuna mwanamke huko ofisini anawaandikia barua juu ya baridi. Juu ya baridi, mama! Nikamuuliza, huyo mwanamke anaitwa nani? Akaniambia."

Alijipangusa mikono kwenye suruali, mmoja mmoja, polepole.

"Ni jina ya mama yangu. Sikumwambia wewe ni wangu. Niliona aibu. Ukakuja Jumapili, ukaniambia ile ya bomba, na jioni nikachukua msumeno."